Vidole vya Sista Mildred

Watu wa Malaba wakimtaja Mildred Nabwire, jambo la kwanza wanalokuambia ni sauti yake. Foleni ya malori ikiziba barabara, na ambulensi ikakwama katikati yake ikipiga king'ora bila mtu kujali, Mildred hufungua dirisha, hutoa kichwa na mabega nje, na kuanza kuita madereva mmoja mmoja. Hawatukani. Huwaita tu: wewe wa trela ya bluu, wewe unayekula ndizi, baba yangu wa kofia nyekundu, sogea nipite na mgonjwa. Na yale malori mazito, ambayo hata polisi huchoka kuyaondoa, huanza kuguna na kubanana kando hadi njia ipatikane.

Ni mwanamke mpana, wa miaka arobaini na kitu, anayecheka kabla hajamaliza hadithi yake mwenyewe. Hutembea kama mtu aliyechelewa hata siku ya mapumziko. Mume wake, Oduori, ni wakala wa kupitisha mizigo forodhani, mtu mpole ambaye majirani husema kwamba Mungu alimpa masikio mawili akijua atakayemwoa. Binti yao mkubwa anaitwa Mitchelle, na ndiyo maana nyumbani wanaitana Baba Mitchelle na Mama Mitchelle, hata wakigombana.

Mildred alizaliwa Budalang'i. Mto Nzoia ulipopasua tuta akiwa bado shule ya msingi, familia yao ilihamia juu ya kile kipande cha tuta kilichobaki, pamoja na mbuzi, masufuria na bibi yake aliyekuwa hawezi kutembea. Muuguzi mmoja akaja kwa mtumbwi, sanduku la dawa mapajani. Alishinda pale kutwa akisafisha vidonda na kuchoma sindano, sketi imelowa hadi kiunoni, na Mildred akamfuata kila alikokwenda akimshikia beseni. Mtumbwi ulipoondoka msichana alimwambia mamake kwamba ameshapata kazi atakayofanya akiwa mkubwa. Mamake, aliyekuwa na mengine ya kufikiria siku hiyo, alimwambia kwanza atafute kuni kavu. Lakini wazo halikutoka. Alisoma kwa shida, akafeli hesabu mara moja, akarudia, akaingia chuo cha uuguzi, na hatimaye akapelekwa kituo kimoja cha afya pale Malaba, ambapo mpaka huleta wagonjwa wa kila aina na barabara huleta waliovunjika.

Kwa miaka mingi alifanya kazi hiyo bila mtu wa mbali kumjua. Kilichobadilisha mambo ni asubuhi moja ya mwezi wa Agosti.

Dereva mmoja wa trela, jina lake Kizito, mtu wa Mariakani, alipanda juu ya mzigo wake kukaza turubai kabla ya kuingia forodhani. Kamba ikakatika mikononi mwake. Alianguka kutoka juu kabisa, paja likachanwa na chuma cha ubavuni mwa trela, na kichwa kikagonga lami. Wenzake walipomfikisha kituoni alikuwa hai lakini hajitambui, na pumzi yake ilitoka kwa mkoromo ambao Mildred aliujua vizuri na kuuchukia.

Mkoromo huo una maana yake. Mtu aliyezimia akilala chali, taya hulegea, na ulimi nao hurudi nyuma ukaziba koo. Mapafu ni mazima, moyo unapiga, ila hewa haina pa kupita. Hapo sindano haisaidii, ni mikono. Muuguzi hukaa upande wa kichwani, huweka vidole nyuma ya pembe za taya, pale chini ya masikio, na kuisukuma taya mbele. Ulimi hufuata, njia hufunguka, na ule mkoromo huisha. Akiachilia, unarudi. Kipo pia kibomba cha plastiki cha kuingiza mdomoni, na Mildred alikuwa nacho, lakini kila alipojaribu kukiweka, koo la Kizito lilikikataa na kutaka kutapika. Mtu anayetapika akiwa hana fahamu anaweza kuzama katika matapishi yake mwenyewe. Ikabaki mikono.

Chrispine, dereva wa ambulensi, akashika njia ya Busia. Nyuma alikuwa Mildred peke yake na mgonjwa. Paja walikuwa wamelifunga vizuri kituoni, lakini barabara ilipoanza kuwarusha bandeji ikalegea, na damu ikaanza kutiririka kwenye machela. Mildred alikuwa amekaa kichwani. Mikono yake haikuweza kufika kwenye paja. Aliacha taya akakimbilia paja, akabonyeza, na nyuma yake mkoromo ukarudi, kisha ukakatika kabisa. Akarudi kichwani. Hewa ikapita, damu ikamwagika. Akarudi pajani. Alifanya hivyo njia nzima, Adungosi, Chakol, Alupe, akimwita Kizito kwa jina kana kwamba amelala tu na kazi inamsubiri.

"Chrispine, ongeza mwendo!"

"Nimeongeza, sista! Imefika mwisho!"

Kizito alifika hospitali akiwa bado anapumua. Kabla ya saa sita alifariki mezani pa upasuaji, damu nyingi ikiwa imeshapotea njiani.

Daktari wa dawa za usingizi, Rosebella Barasa, alitoka kumtafuta Mildred ampe habari mwenyewe. Alimkuta kwenye sinki akinawa, na vidole vyake vimekakamaa, havitaki kukunjuka. Daktari akavishika na kuvinyoosha kimoja kimoja chini ya maji.

"Sista, usijilaumu. Umefanya yote ambayo mikono miwili inaweza kufanya."

Daktari alisema kwa huruma, na Mildred alilijua hilo. Lakini waliporudi Malaba, Chrispine akimnunulia chai asiyoinywa, alisema maneno ambayo Chrispine bado huwasimulia watu.

"Hiyo mikono miwili ndiyo shida."

Tangu siku hiyo akaanza kutafuta mkono wa tatu. Wenzake kituoni walimwona akikunja taulo na kuzifunga kwa plasta, akikata chupa za maji, akipinda waya wa hanga za nguo. Alilala chali kwenye machela tupu akijifunga vitu hivyo shingoni na kumwomba anayepita amwambie kama taya imesogea. Vyote viliteleza. Kimoja kilimkwaruza hadi akavaa skafu siku kadhaa, na wagonjwa wakamuuliza kama amegombana na mume wake. Alijaribu vitu vya kila namna na kuvitupa vyote kwenye pipa.

Kiti cha ambulensi kilichanika. Chrispine akakipeleka kwa Barnabas Echodu, fundi wa viti vya malori ambaye banda lake liko kando ya uwanja wa malori, na Mildred akaenda naye kwa sababu hakutaka kubaki kituoni akitazama ukuta. Echodu ni Mteso mrefu, mkavu, wa maneno machache kwa watu na mengi kwa viti. Siku hiyo alikuwa amepindua kiti cha dereva na kukiangalia chini, akikisema kwa kutojali kazi yake. Akavuta wenzo mdogo. Kiti kikateleza mbele juu ya reli yake, kikanasa kwenye jino: kra. Akakisukuma tena. Kra. Akavuta wenzo, kikarudi nyuma chote kwa mara moja.

"Rudia hiyo," Mildred alisema.

"Gani?"

"Hiyo ya kusogeza."

Echodu akarudia. Mildred akapiga magoti kwenye vumbi na sare yake nyeupe, akatazama lile jino linavyoshika reli. Kitu kinachosogea mbele kidogo kidogo, kinashika na hakirudi, na ukitaka kukiachilia unavuta wenzo mmoja tu.

Alimweleza fundi anachotaka: kitu cha kukaa chini ya kichwa cha mtu aliyezimia, chenye mikono miwili ya kupanda kando ya shingo, ishike nyuma ya taya na kuiinua. Echodu alisikiliza hadi mwisho.

"Sista, watu wananiletea matako," akasema. "Hakuna mtu ameniletea koo."

"Mimi nimekuletea."

"Na ikiua mtu?"

"Ndiyo maana tunaanza na mimi."

Wakaanza naye kweli. Kifaa cha kwanza kilikuwa kibao chenye reli mbili zilizokatwa kutoka kiti cha lori kuukuu, na mikono ya chuma iliyofungwa sponji. Kilikuwa kizito kama jembe. Mildred alilala juu ya meza ya Echodu, madereva wakiwa wamejaa mlangoni kutazama, na fundi akasukuma. Kra. Mildred akapiga kelele iliyofanya kuku wa jirani watawanyike. Mikono ilikuwa imekosa mfupa na kumchoma chini ya sikio. Kifaa cha pili kilikuwa chepesi lakini kilipinda. Wakagombana juu ya cha tatu: Echodu alitaka chuma kinene, Mildred alitaka kitu ambacho muuguzi mdogo wa mwili anaweza kukinyakua kwa mkono mmoja. Fundi alinuna, akarudia viti vyake, na baada ya muda akamtumia Chrispine ujumbe kwamba amepata bomba la alumini.

Kilipokamilika Mildred alikibeba nyumbani kwenye mfuko wa kiondo, na hapo ndipo kisa cha Jumapili kilipotokea.

Oduori alikuwa ametoka kanisani, amekula ugali na kuku wa kienyeji hadi akafungua mshipi, na amejilaza chali mkekani sebuleni kama desturi yake. Usingizi ukamchukua, na mkoromo ukaanza. Mildred alikuwa akikunja nguo. Akasimama na shati mkononi. Miaka yote hiyo ameishi na mkoromo huo bila kuusikiliza. Ni ule ule. Taya imelegea, ulimi umerudi, hewa inapambana kupita.

Akaleta kiondo. Mitchelle, aliyekuwa amerudi kutoka chuo, akaona mamake anapiga magoti kichwani pa babake na akaziba mdomo kwa kitambaa ili asicheke. Mildred alitelezesha kibao chini ya kichwa polepole, akatafuta pembe za taya kwa vidole, akaweka mikono ya kifaa palepale, na kusukuma. Kra. Mkoromo ukapungua. Kra. Ukaisha.

Chumba kikanyamaza ghafla hadi Mitchelle akaacha kucheka. "Mama, anapumua?"

Mildred aliinamisha shavu karibu na mdomo wa mumewe. Hewa ilikuwa ikiingia na kutoka, laini, kama ya mtoto mchanga. Machozi yakamtoka.

Na hapo Oduori akaamka. Alifumbua macho, akaona mke wake analia juu yake, akataka kusema na taya ikakataa. Akaanza kurusha mikono. Mildred akavuta wenzo.

"Mama Mitchelle! Unaniua?"

"Ulikuwa unakoroma."

"Sasa mtu akikoroma anafungwa?"

"Ulikuwa unakoroma," Mildred akarudia, akicheka na kulia kwa pamoja, "halafu ukaacha."

Ilimchukua Oduori chai nzima kulielewa jambo hilo. Alipolielewa alikubali kufanyiwa majaribio kila Jumapili, kwa masharti kwamba kuku asikosekane.

Mildred alikipeleka kifaa kwa Daktari Rosebella. Daktari hakukicheka wala hakukisifu. Alikigeuza, akavuta wenzo mara nyingi, akakilalia mwenyewe kwenye kitanda cha wagonjwa na viatu vyake. Kisha akaketi.

"Sasa nikuonyeshe vile hiki kitaua mtu."

Akamwonyesha. Sponji ingenyonya damu ya mgonjwa mmoja na kuipeleka kwa mwingine. Kibao kilikuwa kinene, kikiinua kichwa, na mtu aliyeanguka huenda amevunjika pingili za shingo, hivyo kumkunja kidogo tu ni kumlemaza maisha yote. Na lazima kila hatua ipitiwe na kamati ya utafiti kabla kifaa hakijamgusa mgonjwa hata mmoja.

"Huo wenzo lakini," daktari akamaliza, "mtu akitapika unafungua kwa sekunde na kumgeuza. Huo usiubadilishe. Nitaandika maombi pamoja na wewe."

Kwa hiyo wakawa watatu. Kibao kikawa bamba jembamba ambalo machela hulala juu yake, kichwa kikabaki palepale kilipo. Sponji ikatupwa. Chuo kimoja cha ufundi huko Busia kikawapa nafasi kwenye karakana yake, wakafunika mikono ile kwa mpira laini unaochemshwa kama vyombo vingine vya hospitali. Kamati iliuliza maswali, ikarudisha karatasi, ikauliza tena. Hatimaye wakaruhusiwa kukijaribu kwenye chumba cha upasuaji, kwa watu waliokubali wenyewe, wakiwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi, na Daktari Rosebella amesimama kichwani mikono tayari.

Wagonjwa wa kwanza walikwenda vizuri. Mildred alisimama ukutani na barakoa usoni, na kila kra ilimpita mwilini. Kisha akaja mwanamume mmoja mnene, shingo fupi, amekuja kupasuliwa henia. Kifaa kilishika, halafu bila onyo mkono wa kulia ukateleza kutoka kwenye mfupa na kuzama kwenye nyama laini ya shingo. Uso wa mgonjwa ukaanza kubadilika rangi. Kabla Mildred hajapiga hatua, daktari alikuwa ameshavuta wenzo na kuinua taya kwa vidole vyake. Mgonjwa hakupata madhara yoyote. Aliamka baada ya upasuaji akauliza kama chai ya hospitali ina maziwa. Lakini jaribio lilisimamishwa siku hiyo hiyo, na ilikuwa haki lisimamishwe.

Mildred alikitia kifaa kwenye kiondo na kukisukuma chini ya kitanda. Hakukitaja tena. Echodu alipouliza alimjibu kwamba kazi ya muuguzi ni kuuguza. Mvua ndefu zikaja. Oduori alikula kuku wake Jumapili na kukoroma kwa amani, na mke wake akakaa akimsikiliza tu. Siku moja Mitchelle alimsikia mamake, akikunja shuka, akisema peke yake, "Uso wake ulikuwa unabadilika. Mimi ndiye niliyekileta kile kitu."

Kilichomrudisha ni kijana wa kifafa. Aliletwa kituoni mchana, degedege limeisha lakini fahamu haijarudi, na Mildred akaketi kichwani pake kama alivyofanya maelfu ya mara, akashika taya. Kijana alikuwa na shingo nene. Vidole havikuteleza. Mildred akashangaa kwa nini havitelezi. Akavitazama, kwa mara ya kwanza katika maisha yake yote ya kazi. Alikuwa anaamini kwamba anasukuma. Kumbe hasukumi. Kidole kidogo kilikuwa kimejikunja nyuma ya pembe ya taya kama ndoano, cha pili na cha tatu vimelala chini ya mfupa vikiubeba, na kiganja kimeegemea shavu kikizuia kila kitu kisiyumbe. Mikono ya kifaa chao ilikuwa fimbo mbili tu. Fimbo haijui kukunja kidole.

"Fridah!" akamwita muuguzi mwenzake. "Njoo upige picha vidole vyangu!"

"Sista, una nini?"

"Piga tu. Piga huku, na huku."

Kijana alipozinduka na kupelekwa wadini, Mildred alikuwa ameshachota unga wa plasta, ule wa kufungia mifupa iliyovunjika. Oduori akalazwa mkekani siku ya kazi, bila kuku, na Mildred akamshika taya kwa utaratibu huku Fridah akimmwagia plasta vidoleni na kwenye mashavu ya mume. Oduori alivumilia. Plasta ilipokauka ikatoka vipande viwili, na ndani yake umbo la vidole vya Mildred lilikuwa limekaa kamili, hata kovu la kisu kwenye kidole cha shahada.

Echodu alivishika vipande hivyo muda mrefu akivigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Yoga," akaviambia, ile salamu ya Kiteso, kana kwamba amekutana na mtu. Kisha akamtazama Mildred. "Sasa umeniletea kitu naweza kutengeneza."

Karakana ya chuo ikamimina mpira kwa umbo lile, kubwa, la kati na dogo. Kamati ikakaa tena. Daktari Rosebella akarudi kichwani pa wagonjwa mikono tayari, na safari hii mikono yake ilingoja bure, kwa wembamba na kwa wanene, kwa mzee asiye na jino hata moja na kwa mwanamume mwenye ndevu za kufika kifuani. Wahudumu wa chumba cha upasuaji wakaanza kukiita kifaa Vidole vya Mildred. Jina la kitaalamu lililoandikwa kwenye karatasi za kamati ni refu, na hakuna anayelikumbuka.

Ruhusa ya kukibeba ndani ya ambulensi, kwa uangalizi, ilipatikana mwaka uliofuata. Wiki chache baadaye Edinah, mwanamke anayefanya biashara ya nyanya kutoka Angurai, alianguka kutoka kwa bodaboda kwenye kona, kreti la nyanya likiwa limefungwa nyuma yake. Walimkuta amelala katikati ya nyanya zilizopasuka, na kwanza hawakuweza kujua ipi ni damu na ipi si damu. Mkono ulikuwa umevunjika na mfupa kutokeza. Pumzi ilikoroma.

Chrispine akashika njia ya Busia. Nyuma, Mildred aliteremsha bamba na kulisukuma chini ya machela, akaweka vidole vya mpira nyuma ya taya, akasukuma. Kra. Hewa ikapita. Akaachilia polepole, akingoja mkoromo urudi. Haukurudi.

Alibaki ameketi hapo, mikono hewani, hajui aifanyie nini. Halafu akakumbuka ana kazi. Akabonyeza mkono unaovuja hadi damu ikasimama. Akafunga, akamtundikia maji ya mshipani, akapima mapigo, akafungulia oksijeni. Karibu na Chakol tumbo la Edinah likapanda. Mildred akavuta wenzo, akamgeuza ubavu pamoja na ubao aliofungiwa, akamsafisha mdomo, akamrudisha chali na kukirudisha kifaa. Kra.

"Sista, uko sawa huko?" Chrispine aliuliza, kwa maana kulikuwa kimya.

"Endesha tu, ndugu yangu. Hata punguza kidogo, unatutikisa."

Chrispine anasema hajawahi kuambiwa hivyo maishani, si kabla wala baada.

Edinah alilala hospitali wiki kadhaa. Mildred alipokwenda kumwona, alimkuta ameketi kitandani, mkono umefungwa, akigombana na dadake kuhusu kreti. Walimtambulisha Mildred kama sista aliyemleta.

"Ni wewe?" Edinah akasema. "Basi niambie, nyanya zangu zilienda wapi?"

Mildred alicheka hadi muuguzi wa wadi akaja kumwomba atoke nje.

Sasa Vidole vya Mildred vimo katika ambulensi kadhaa za kaunti, na daktari bado anakusanya matokeo ya wagonjwa kwa ajili ya wale wanaotoa vibali vya nchi nzima, kazi ambayo inakwenda taratibu na inayostahili kwenda taratibu. Echodu hutengeneza reli mwenyewe, na juu ya banda lake, chini ya maandishi ya viti vya malori, ameongeza neno moja kwa rangi nyekundu: KOO. Madereva hudhani ni utani.

Mildred naye hutumwa hapa na pale kufundisha. Juzi alikuwa Sio Port, kwenye zahanati iliyo karibu na mahali wanawake wanapoanika samaki wadogo wa omena. Alifundisha asubuhi nzima, kwanza kwa mikono mitupu, maana hakubali mtu aguse kifaa kabla hajajua kushika taya kwa vidole vyake mwenyewe. Wauguzi walirudia, wakilazana mmoja baada ya mwingine, hadi akaridhika. Akawaachia kifaa kimoja.

Alipokuwa akiaga akaona msimamizi wa zahanati anakifungia kabatini kwa kufuli, pamoja na vitu vingine vya thamani, na kutia ufunguo mfukoni.

"Mama, hapana," Mildred akasema. "Toa huko."

"Kitaibiwa, sista. Ama watakiharibu."

"Kiharibike kikifanya kazi. Ufunguo ukiwa mfukoni mwako na wewe uko sokoni, mgonjwa atapumua na nini?"

Wakaanza kutafuta msumari. Dereva wa ambulensi ya pale akaleta nyundo, na Mildred akaingia nyuma, akaketi kwenye kile kiti kidogo cha upande wa kichwani mwa machela, akanyoosha mkono bila kuinuka ili waone unapofikia.

"Hapa," akasema.

Dereva akagonga msumari palepale, wakakitundika.